Niwaite Waje Kufanya Nini?

Ratiba ya tamasha la Mikumi ilikuwa ya kurasa mbili, na katikati ya ukurasa wa kwanza palikuwa na mstari uliosomeka: "5:40 hadi 5:47, Tambiko la mvua, Wakaguru." Juu yake sarakasi ya vijana wa Mikumi, chini yake Wamaasai. Dakika saba. Kwaya ilipewa kumi. Mgeni rasmi hakuwekewa kikomo.

Kipaza sauti nilishika mimi. Nimestaafu ualimu wa shule ya msingi, nina sauti inayofika nyuma hata umeme ukikatika, na kamati za maandalizi huamini kwamba mwalimu mstaafu hana kazi. Sikukataa. Miaka yangu yote ya kazi nimepanga watoto wacheze ngoma mbele ya wakubwa: Mwenge wa Uhuru ukipita, mkaguzi akija, mashindano ya shule ya UMITASHUMTA yakikaribia. Najua kufunga njuga miguuni mwa mtoto wa darasa la tatu zisifunguke, na najua kuikatisha ngoma pale mgeni anapoanza kutazama saa. Kwa hiyo sijifanyi mtu aliyeshangazwa na jukwaa. Ngoma ya jukwaani ndiyo niliyoifundisha.

Kilichonisumbua ni ule mstari mmoja. Ngoma ni ngoma, ichezwe harusini au mbele ya waziri. Tambiko ni maombi. Mtu akisimama mbele ya watu, akamimina pombe chini, akatamka maneno ya kuomba, huku yeye na wote wanaomtazama wanajua kwamba haombi bali anaonyesha jinsi watu wanavyoomba, amefanya nini? Ameomba pasipo kukusudia? Ametania? Amesema uongo mbele ya wale anaowasemesha? Nililiuliza swali hilo kwa watu kadhaa siku ile, wengine kipaza sauti kikiwa kimezimwa, na majibu niliyopata hayakunipa usingizi mwema.

Nilitoka Kilosa alfajiri kwa basi dogo. Tulipita Ulaya (ndiyo, tunacho kijiji cha jina hilo, na kila mtoto wa Kilosa amewahi kumringia mgeni kwamba kwetu Ulaya hufikiwa bila pasipoti), vumbi la mwezi wa nane likiingia kwa madirisha yasiyofungika. Mikumi nilikuta turubai zimeshafungwa, jenereta linanguruma, wauza mishikaki wamewasha mkaa, na kule barabara kuu malori ya Tunduma yakipiga honi kana kwamba nayo yamealikwa.

Vikundi vilikuwa vingi kuliko ratiba. Wavidunda walishuka kutoka milima iliyo juu ya Kidodi. Wasagara walikuja, Waluguru wakaja na filimbi zao, Wagogo na zeze, na wanawake wao wamebana ngoma za muheme katikati ya mapaja. Wasukuma walileta majembe ya bugobogobo. Wamakonde nao walikuwepo, na asiyeijua Kilosa angeuliza wamefikaje. Lakini babu zao waliletwa na mkonge, enzi ambazo mashamba ya Kimamba na Rudewa yalikuwa yakimeza watu kutoka kila upande wa nchi. Wilaya yetu imejaa watu waliokuja kufanya kibarua wakazikwa hapa.

Jukwaa la namna hii lina umri sawa na jamhuri. Desemba 1962 Mwalimu Nyerere, katika hotuba yake ya kwanza bungeni kama Rais, alitangaza kuundwa kwa Wizara ya Utamaduni wa Taifa na Vijana, akisikitika kwamba wasomi wetu walifundishwa dansi za Wazungu na wakaona aibu kucheza za kwao. Kikaundwa kikundi cha ngoma cha taifa. Sindimba, iliyokuwa na kwao na msimu wake na sababu zake, ikawa ya kupokelea wageni wa Serikali. Mwaka 1981 kikaanzishwa Chuo cha Sanaa Bagamoyo. Sina ugomvi na historia hiyo. Bila jukwaa, nusu ya watoto niliowafundisha wasingejua kwamba bibi zao walikuwa na mabega. Ila jukwaa lilianza na ngoma, halafu likapanda taratibu: ngoma, kisha arusi, kisha unyago, na sasa tambiko. Kuna siku litafika kaburini lenyewe, na kamati itauliza kama maiti anaweza kuwahi saa tano.

Kamati ilitaka tambiko la mvua kwa sababu linapendeza machoni: mzee, kaniki, kibuyu, unga mweupe. Mjomba wangu, ndugu wa tumbo moja na mama yangu, ndiye aliyeombwa aliongoze. Kwetu Ukaguruni ukoo hufuata mama, kama ilivyo kwa Wasagara, Waluguru na Wavidunda, kwa hiyo katika mambo ya ukoo baba yangu angekuwa mtazamaji kama nyinyi. Mwenye neno ni mjomba. Alikuja kwenye kikao, akasikiliza, akasema mvua ya Kilosa si ya kuchezea. Hakuna aliyehitaji kuelezwa. Mwishoni mwa 2009 na Januari 2010 Mto Mkondoa ulivunja tuta, ukaingia mjini, ukabomoa nyumba, ukaikata reli ya kati kwa miezi, na majirani zangu wakaishi kwenye mahema muda mrefu kuliko walivyoahidiwa. Wapo kati yetu ambao hadi leo wakisikia ngurumo usiku huanza kukusanya vyeti vya watoto.

Katibu alimtuliza. "Mzee wetu, ni maonyesho tu."

"Sawa," akasema mjomba. "Nani atakayewaambia wao kwamba ni maonyesho tu?"

Watu walicheka. Yeye hakucheka, lakini alikubali kuja, na mimi nikajua kwamba ana lake.

Alipanda jukwaani pekupeku, kaniki begani. Vijana walikuwa wamemjengea kijumba cha nyasi. Walitaka na tuta la udongo lifanane na kaburi, akalikataa akisema kaburi halijengwi kwa mfano. Aliniita nisimame kushoto kwake, kama mpwa mkubwa. Akanyunyiza unga, akamimina pombe ya mtama, na kwa kuwa jukwaa lilikuwa la mbao, pombe ikapita kwenye nafasi za mbao ikaenda kuwalowesha mafundi wa umeme waliokuwa wamekaa chini kwenye kivuli. Kisha akaanza kusema kwa Kikaguru, kwa sauti ya mtu anayezungumza na watu wa nyumba ya pili. Alisalimu. Alitaja milima, akataja jembe, akataja majani yaliyokauka, akataja watoto. Mimi nilikuwa nasubiri majina.

Maana kule milimani, kwenye makaburi yetu, ukishang'oa majani na kufagia, kazi yenyewe ni majina. Unaanza na aliyekufa karibuni, unayemkumbuka hata kikohozi chake. Unamwomba apeleke habari kwa aliyemtangulia, naye kwa aliyemtangulia, jina baada ya jina, wanawake wa ukoo na kaka zao, mpaka majina yanakwisha na mbele hakuna wa kutajwa ila Mulungu. Mengine yote, unga na pombe na kaniki, ni namna ya kubisha hodi.

Mjomba alifika mahali pa majina, akanyamaza kidogo, akapita. Hakutaja hata moja. Akamalizia, akarudisha kibuyu begani, watu wakapiga makofi na vigelegele.

Aliyeshtuka mbali na mimi alikuwa kijana mmoja wa kamera, naye nampongeza kwa hilo. Alikuwa amesoma mahali fulani kwamba katika tambiko hutajwa wahenga. Akamfuata mjomba nyuma ya turubai, kwa adabu kabisa, shikamoo yake ya kuinama.

"Babu, nadhani hukutaja majina. Tunaweza kurudia kile kipande tu? Dakika moja."

"Majina ya nani?"

"Ya mizimu."

"Hao niwaite waje kufanya nini?" mjomba akamuuliza. "Wakishafika, nitawaambia nimewaitia nini?"

Kijana alisubiri labda jibu litafuata. Mjomba alikuwa anamsubiri yeye.

Nimefikiri sana juu ya swali hilo tangu siku ile. Kwa miaka mingi nilidhani tofauti kati ya ibada na maigizo ni jambo la moyoni: ukiamini unaabudu, usipoamini unaigiza. Mjomba hakusema lolote kuhusu kuamini kwake. Alisema kuhusu wale wengine. Kwake tambiko halibatiliki kwa kuwa msemaji anaonyesha. Ukiita, umeita, na aliyeitwa hana habari na ratiba yako. Kama tunataka maonyesho, basi tusiite.

Marehemu John Mbiti, kasisi na mwanafalsafa wa Kenya, aliandika mwaka 1969, katika kitabu chake kuhusu dini na falsafa za Kiafrika, kwamba waliokufa hubaki kuwa watu wa nyumbani maadamu wapo hai wanaowakumbuka kwa majina; anapokufa wa mwisho aliyewajua, huondoka katika ujamaa huo na kuingia katika umati usio na majina. Nimewahi kusikia wasomi wakimlaumu Mbiti kwamba aliwabeba Waafrika wote kwenye gunia moja. Inawezekana. Lakini kwa ukoo wangu hakukosea: jina ndilo linalomfanya aliyekufa awe mtu wa kusemeshwa. Kuliacha ni kuufunga mlango kwa heshima. Kulitaja mbele ya kamera ni kumwamsha mzee usingizini, na anapouliza kuna nini, unamwambia hakuna, tulikuwa tunawaonyesha wageni jinsi tunavyokuamsha.

Mchana tulikula pilau chini ya mwembe, na kwenye mkeka mmoja tulikuwa mimi, sheikh wa msikiti wa jirani na kasisi wetu wa Kianglikana aliyesoma Kongwa. Nikawawekea swali langu.

Sheikh alianza pale nilipotarajia: amali hulipwa kwa nia, hadithi iliyosimuliwa na Umar bin Khattab na ambayo Imam Bukhari aliiweka mwanzo kabisa wa kitabu chake. Mwalimu wa madrasa anayewaonyesha watoto rakaa hahesabiwi kuwa ameswali adhuhuri. Kwa hiyo mzee wako, akasema, hakufanya kitu. Na kwa upande wangu ni afadhali hakufanya, maana unajua msimamo wetu kuhusu kuomba wasiokuwa Mwenyezi Mungu. Nikamwambia najua, na sisi wa kanisani msimamo wetu ni huo huo, ndiyo maana tunakula pilau moja. Akacheka. Kisha akatulia, akaweka tonge chini, akasema: lakini lipo jambo.

Lipo jambo, akaeleza, ambalo nia haikuokoi. Abu Huraira amepokea kutoka kwa Mtume kwamba mambo matatu, ukiyafanya kwa dhati ni dhati na ukiyafanya kwa mzaha ni dhati: ndoa, talaka, na kumrejea mke. Wanazuoni walio wengi wakashika hivyo. Mume akimtania mkewe kwa tamko la talaka mbele ya marafiki, wakacheka wote, talaka imepita. Ndiyo maana masheikhe hukosa raha wanapoona ndoa zinafungwa kwenye filamu, walii yupo, mashahidi wapo, ijabu na kabuli zimetamkwa. Mkurugenzi akisema "kata," nani amekata nini?

Nikamuuliza kwa nini hayo matatu. Akajibu kwamba maneno hayo yanamfunga mtu mwingine. Nia ni yako, inakaa kwako. Lakini mwanamke aliyeachwa kwa neno lako hawezi kuingia kifuani mwako aone ulikuwa unacheka. Akiruhusiwa kila mtu kusema nilitania, hakuna mwanamke atakayejua usiku kama ni mke au si mke.

Nilitamani mjomba awe pale amsikie. Alikuwa amelala chini ya lori la vifaa.

Kasisi alikuwa na yake. Swali hili ni la zamani kwa Wakristo, alisema, nasi hatukulimaliza. Rufino, mwanahistoria wa Kanisa, anasimulia kwamba askofu Alexander wa Aleksandria aliwaona watoto wakicheza ufukweni, mmoja akijifanya askofu na kuwabatiza wenzake. Akawaita, akawahoji walisema nini na walitumia nini, na alipokuta maneno na maji vilikuwa kamili, akaamua wasibatizwe tena. Yule askofu wa mchezoni alikuwa Athanasio, aliyekuja kuwa askofu kweli. Huenda ni ngano tu, lakini wazee wa Kanisa waliisimulia bila kuona aibu. Na Augustino wa Hippo, karibu mwaka 400, alipokuwa akibishana na Wadonato juu ya ubatizo, alijiuliza kuhusu ubatizo unaofanywa kwa mchezo tu, kama wa waigizaji, pasipo imani popote. Mtu yule aliyekuwa na jibu la kila kitu hapo akasita. Akaona ni jambo la kumwomba Mungu mwenyewe alifunue.

Nilimpenda zaidi Augustino kwa hilo.

Upande wetu wa dunia yupo askofu mmoja aliyelielewa jambo hili kuliko wamishonari wengine wote, ingawa sijui kama mjomba angempenda. Vincent Lucas, askofu wa kwanza wa Masasi tangu 1926, aliona kwamba wenzake wanapiga marufuku jando na watu wanaendelea nalo porini. Yeye akalichukua. Akaacha kambi, akaacha kisu, akaacha mafunzo na sherehe ya kutoka, akaondoa kule kuwaita wahenga, akaweka sala na msalaba. Umbo likabaki karibu lote. Alichobadilisha ni nani anayesemeshwa. Mjomba alifanya nusu ya kazi ya Lucas: aliondoa wa kuitwa, hakuweka mwingine. Kikabaki chombo kitupu, na chombo kitupu unaweza kumwonyesha mgeni bila kumkosea mtu.

Ningeishia hapo ningelala vizuri. Lakini mimi ndiye niliyekuwa na ratiba, na juu kabisa ya ukurasa, kabla ya sarakasi na tambiko, paliandikwa: "4:00 hadi 4:06, Dua na sala ya kufungua." Sheikh huyu huyu dakika tatu, padre wa parokia dakika tatu. Nakumbuka vizuri kilichoendelea. Fundi alikuwa akijaribu spika ya kushoto. Mtu wa itifaki alinong'ona sikioni mwangu kwamba mgeni rasmi ameshavuka geti la hifadhi, niwaambie vijana wa skauti wajipange. Wapiga picha walikuwa wakihangaika na jua. Na katikati ya hayo, mara mbili, kwa lugha mbili, Mwenyezi Mungu aliitwa kwa jina lake mbele ya watu wote tukiwa tumesimama.

Tulimwita aje kufanya nini? Kufungua tamasha. Hakuna aliyeona ni maonyesho, na hakuna aliyeuliza. Mjomba, ambaye kanisa langu lina mashaka naye, aliona haya kumsumbua bibi yake aliyekufa kwa ajili ya dakika saba za mgeni rasmi. Sisi wenye dini za vitabu hatukuona haya yoyote. Sisemi sheikh na padre hawakuomba kwa dhati. Naamini waliomba. Nasema sisi tuliowapangia dakika ndio tuliokuwa tukiigiza, na kwa kanuni ya sheikh mwenyewe sina hakika kwamba mzaha wetu hautahesabiwa dhati. Nimesoma masomo kanisani miaka mingi. Tangu siku ile, nikifika mbele na kufungua kitabu, nasita kidogo kama Augustino, na waumini wanadhani nimepoteza miwani.

Binti mmoja, kiongozi wa kikundi cha ngoma cha Mikumi, hakukubaliana nami hata kidogo. "Bibi," aliniambia akifungua njuga, "mnasema kama vile zamani watu walicheza gizani. Mwali alitolewa nje ili aonekane. Watu walikuja kutazama, walitunza hela, walisema huyu anajua na huyu hajui. Hata makaburini mnatazamana. Mbona sisi tukitazamwa mnasema ni maigizo?"

Ni kweli tupu. Kutazamwa hakujawahi kuharibu ibada. Daudi alicheza mbele ya sanduku la agano mji mzima ukimwona, na aliyemdharau dirishani ndiye aliyepata hasara. Nilikaa na hoja ya binti yule safari yote ya kurudi, na jibu langu ni hili, kama lina maana: waliomtazama mwali walikuwa wakidaiwa. Baada ya siku ile hawakuwa na ruhusa ya kumwita mtoto. Shangazi aliyepiga kigelegele alikuwa amesaini kwa mdomo kwamba atasimama siku ya posa na siku ya uzazi. Mtazamaji wa ngoma ile alirudi nyumbani na mzigo. Wetu wa Mikumi alirudi na picha kwenye simu. Saa kumi na mbili jioni hakuna aliyemdai mtu chochote, isipokuwa mwenye jenereta.

Hilo ndilo lililonitia huzuni nilipowatangaza Wamaasai, baada tu ya mjomba. Vijana walipanda, wakaimba ile sauti ya kifuani, wakaruka, na mbele yangu palikuwa na watu wa Rudewa wakishangilia kwa mikono miwili. Mtu mzima wa Kilosa hawezi kuona hilo bila kukumbuka Desemba 2000, Rudewa Mbuyuni, wafugaji na wakulima, na watu 38 waliouawa. Nilitamani kusema kitu kwenye kipaza sauti nikaona sina haki. Makofi yale yalikuwa ya kweli. Macho ya watu hayadanganyi. Lakini mwezi wa kwanza mahindi yakiota na ng'ombe wakipita, aliyepiga makofi hatakuwa amefungwa na makofi yake. Sheria ndogo za vijiji na kamati za usuluhishi zina kazi nzito ambayo kuruka hakuwezi kuifanya. Ingawa, naongeza haraka, nisingependa kuishi mahali ambapo hata hayo makofi hayapo.

Kuna jambo nimeliruka makusudi katika zile dakika saba. Mjomba alipokuwa anamimina pombe, kabla hajafika mahali pa majina, mtu alipanda jukwaani kutoka upande wa wauza mishikaki. Mzee mfupi, koti kubwa, anacheka kabla hajasema. Nilimjua: mtani wetu, wa ukoo ambao umetuzikia watu wetu tangu enzi za bibi zangu. Akamnyang'anya mjomba kibuyu, akanywa funda, akatema, akatangaza kwa Kiswahili ili wote wasikie kwamba pombe hii mbaya ndiyo inayoikimbiza mvua, kwamba ukoo wetu wote ni wachoyo na wavivu wa kulima, na kwamba hatudiriki kuomba kitu chochote kwa sababu hatujamlipa kuku wake wa msiba wa mama mdogo wangu. Akashuka na kibuyu. Mjomba akamalizia kwa kibuyu cha akiba, kilichokuwa na maji.

Uwanja ulianguka kwa kicheko. Mgeni rasmi alipangusa machozi. Kijana wa kamera aliniambia baadaye kwamba yule mchekeshaji ndiye aliyeokoa kipande kile, na akauliza tulifanya naye mazoezi mara ngapi.

Hatukufanya naye mazoezi. Hakualikwa na kamati, alikuwa amekuja Mikumi kwa shughuli zake. Thomas Beidelman, Mmarekani aliyeishi Ukaguruni mwishoni mwa miaka ya 1950 na kuandika vitabu juu yetu, alichapisha mwaka 1966 makala nzima kuhusu utani wa koo zetu na kazi yake wakati wa kifo: watani ndio wanaoshika maiti, wanaochimba, wanaotukana wafiwa na kubeba mali zao, na katika matusi hayo nyumba inasafishika. Mtani hacheki kwa kuwa hajali. Anacheka kwa kuwa ndiyo kazi aliyopewa, na asiyemlipa mtani ana msiba ambao haujaisha. Msiba wa mama mdogo ulikuwa haujaisha. Kuku hakutolewa, mwaka ule kila mtu alidhani mwenzake ametoa.

Kwa hiyo siku nzima ile, kwaya na sarakasi na dua na tambiko, mtu pekee ambaye kila aliyetazama alimwona anaigiza ndiye aliyekuwa hafanyi maonyesho hata chembe. Alikuja kudai. Na deni lake halikuisha saa kumi na mbili.

Kibuyu anacho hadi sasa. Kamati ilikutana kufunga hesabu, ikaona kibuyu kimepungua kwenye orodha ya vifaa, mhazini akapendekeza kinunuliwe kingine, au huyo mzee alipwe bei ya kuku kwa simu ili mambo yaishe. Mjomba alisema kuku hatoki kwenye fungu la kamati. Anatoka mkononi mwa mpwa, anakabidhiwa nyumbani kwa mtani, na mpwa anavumilia kutukanwa mpaka mtani achoke. Jumamosi nakwenda. Jogoo nimeshampata sokoni Kilosa, mwekundu, mkali, muuzaji hakupunguza hata mia. Mhazini anasema atarudisha fedha yangu bila tatizo, ila lazima nilete risiti, na iwe na sahihi ya mpokeaji.